Sista wa Mpira

Kazi niliyoifanya kwa miaka 33 haina jina moja kwetu. Kwenye barua ya ajira niliandikwa muuguzi wa nusukaputi. Madaktari wapasuaji waliniita "mtu wa usingizi", tena mara nyingi bila kugeuka. Wagonjwa wa kule ukanda wa korosho, kusini mwa Tanzania, nilikofanyia kazi walikuwa na jina lao: sista wa mpira. Mpira wenyewe ni ule mfuko mweusi unaominywa kumpa pumzi mtu asiyeweza kupumua, na nadhani wao ndio waliopatia. Aliyepasuliwa akipona humpelekea mpasuaji kuku. Mimi sikuwahi kuletewa kuku, kwa sababu wakati ninaminya mpira wenyewe walikuwa wamelala.

Nimestaafu tangu 2011. Machi na Aprili 2020 simu yangu haikupumzika. Wanangu, majirani, wenzangu wa kwaya, kila mmoja alitaka kujua "mashine za kupumulia" tunazo ngapi. Shirika la Afya Duniani lilisema Aprili ile kwamba katika nchi 41 za Afrika, mashine zinazofanya kazi kwenye hospitali za umma hazikufika 2,000. Magazeti yakaandika kwamba Kongo, nchi ya watu zaidi ya milioni 80, ina 5, Sudan Kusini 4, na Somalia haina hata moja. Hesabu zile zikawa zinasomwa kama msimamo wa ligi. Mimi nikiulizwa nilijibu kwa swali: nani atakaa nayo saa nane za usiku? Wakaona bibi anakwepa. Sikuwa nakwepa. Swali lile nilifundishwa na koboko, na baadaye nikaja kujua kwamba lilikwisha kuulizwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwezi Agosti 1952.

Nianze na koboko, maana ndiye niliyemjua kwanza.

Ilikuwa Aprili 1984, masika yamekolea. Ijumaa jioni mzee mmoja alifika akisukuma baiskeli ya Swala, nyuma amemfunga kwa kanga mtoto wa kiume wa miaka 10 hivi. Alikuwa mjomba wake; kule kusini mtoto ni wa wajomba, na jambo la kufa na kupona hulibeba mjomba. Koboko alikuwa amemgonga mtoto kwenye shavu la mguu, chini ya mkorosho. Kope zilikuwa zimeshuka kama za mtu mwenye usingizi mzito, mate yanamtiririka kwa kuwa hawezi kuyameza, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Sumu ile haiharibu mapafu. Inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, na kifua nacho huendeshwa na misuli. Ikikosa amri, inalala.

Dawa ya kuzima sumu hatukuwa nayo. Mashine ya kupumulia mara ya mwisho niliiona nikiwa mwanafunzi, Moshi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, mshale wake umelala kwenye nyekundu. Mitungi yetu ilitoka Dar es Salaam kwa lori, na mwenye umri wangu anaikumbuka barabara ile: ukifika Rufiji unavuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika mto ukifurika njia inakatika, hakuna lori, hakuna basi, hakuna barua. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, miaka 19 baada ya usiku huo.

Nilimpitisha mtoto mrija kooni, nikamnyonya mate kwa pampu ya kukanyaga, nikafunga mpira, nikaanza kuminya. Daktari msaidizi wa zamu alisimama mlangoni kama dakika tano. "Sista, utaminya mpaka lini?" Nikamwambia mpaka sumu ichoke.

Kufika saa nne usiku vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikawaita wanafunzi wawili wa uuguzi, mlinzi, mpishi, mwalimu mmoja aliyekuja kumwona mkewe wodi ya wazazi, na mjomba mwenyewe. Pamoja nami tukawa saba. Niliwafundisha kwa dakika kumi: minya, achia, tazama kifua kinapanda, kikishuka minya tena. Zamu nusu saa, saa ya ukutani ndiyo bwana mkubwa. Mjomba akiwa zamu alimsimulia mtoto hadithi za sungura kwa Kimakua, sauti ikianza kukauka nampa maji, maana nilijua mtoto anasikia kila neno ingawa hawezi hata kufumbua jicho. Usiku wa pili, saa tisa, mlinzi alisinzia mkono ukiwa juu ya mpira. Aliyegutuka ni mjomba. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nimelala. Hilo huwa silisimulii.

Jumapili alfajiri kidole gumba cha mguu kilitikisika. Jumatatu nikatoa mrija.

Juni barabara ilipofunguka, akaja daktari mmoja wa Kidenmaki aliyefuatilia mradi wa dawa muhimu, yale masanduku ya dawa za zahanati yaliyoanza kuletwa 1983 kwa msaada wa Denmark. Alisikia habari za mtoto yule, akaomba aonyeshwe mpira, akaushika muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Hii ni Copenhagen." Nilidhani ni jina la dawa. Jioni ile, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, akanisimulia. Mwaka 1952 yeye alikuwa mtoto wa shule pale mjini, na kiangazi chote mama yake alimkataza kwenda kuogelea. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, kila nilipopata gazeti la kitabibu la kuazima.

Polio ndiyo iliyokuwa imeingia. Septemba 1951 wataalamu wa polio wa dunia nzima walifanya mkutano wao mkuu papo hapo Copenhagen, na kiangazi kilichofuata mji ukapigwa kuliko ulivyowahi kupigwa. Wapo waliowashuku wageni wa mkutano kwamba ndio walioleta ugonjwa. Wagonjwa wote walipelekwa Blegdamshospitalet, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza yenye vitanda 500. Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Desemba ilipokea wagonjwa 2,722. Siku za kilele waliingia 50 kwa siku. Wagonjwa 316 ugonjwa uliwafika kwenye pumzi au kwenye koo, wakahitaji kusaidiwa.

Hospitali ilikuwa na nini? Tangi moja na magamba sita ya kifuani. Basi.

Tangi ndilo lile lililoitwa pafu la chuma. Lilibuniwa Boston, Marekani, na Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw, likamlaza mgonjwa wa kwanza mwaka 1928. Mgonjwa anatiwa ndani mwili mzima, kichwa tu kinabaki nje, shingoni pamefungwa ukosi wa mpira. Injini inanyonya hewa ya ndani ya tangi, kifua kinavutwa na kupanuka, hewa inaingia puani. Ikirudishwa, kifua kinashuka. Gamba la kifuani ni tangi dogo la kuvaa juu ya mbavu, na nguvu zake ni ndogo. Tangi lilikuwa ghali, na uhaba wake una historia ndefu. Edward Both wa Australia alilitengeneza kwa mbao za plaiwudi mwaka 1937, na mwaka uliofuata Lord Nuffield, tajiri wa magari ya Morris, akaamua kiwanda chake cha Cowley kiyatengeneze na kuyagawa bure, mamia kwa mamia, kwa hospitali za Uingereza na himaya yake. Kwa hiyo mwaka 1952 mtu yeyote mwenye akili zake angesema Copenhagen inahitaji matangi. Watu wale wale wangekuwa wananipigia simu 2020.

Sasa tazama. Katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 31 wa aina mbaya zaidi, ile inayopooza koo pamoja na kifua, waliwekwa kwenye mashine hizo chache. Walikufa 27, wengi wao ndani ya siku tatu. Walikufa mashine ikiwa juu yao, inaunguruma vizuri, haina kasoro.

Mtu wa kazi yangu haelewi kwa nini hilo linawashangaza watu. Mgonjwa asiyeweza kumeza ni kisima cha mate. Tangi linamvuta kifua kwa nguvu, na kinachoingia mapafuni pamoja na hewa ni mate, makohozi, matapishi. Yule mtoto wa koboko ningemtia kwenye tangi angezama kwa mate yake mwenyewe kabla ya saa sita usiku. Koo lilitaka kuzibwa na kusafishwa kwanza, ndipo pumzi isukumwe ndani. Lakini madaktari wa wodi ya kuambukiza hawakuwa watu wa koo. Watu wa koo walikuwa jengo jingine, chumba cha upasuaji, nyuma ya pazia, wakiminya mpira huku mpasuaji akisifiwa.

Mmoja wao alikuwa Bjørn Ibsen. Alikuwa amesomea kazi ya usingizi Boston kwa mwaka mmoja hivi, 1949 hadi 1950, akarudi kwao kukuta kazi hiyo inahesabiwa utumishi wa mpasuaji. Kila siku aliwapooza wagonjwa makusudi kwa dawa ya kulegeza misuli, akawapumulia kwa mkono saa mbili tatu, akawaamsha. Yaani jambo lililowatia wenzake wa Blegdam hofu, yeye lilikuwa mkate wake. Daktari mmoja wa hospitali ile, Mogens Bjørneboe, aliyewahi kushirikiana naye kumtibu mtoto mchanga wa pepopunda, alimshawishi mkuu wake, Profesa Lassen, amwite. Lassen hakuwa na hamu. Kumwita mtu wa usingizi aje kutoa ushauri wodini lilikuwa jambo geni. Hata leo zipo hospitali zetu ambako ni geni. Lakini alikwisha kuzika vya kutosha, akakubali. Walikaa kikao tarehe 25 Agosti.

Siku mbili baadaye Ibsen alipewa mgonjwa wa kujaribia, binti wa miaka 12 aliyepooza mikono na miguu, amekaukiwa pumzi, amelowa jasho. Alikuwa na siku tatu tu kutimiza miaka 37, Ibsen huyo. Daktari wa koo alimtoboa binti shingoni kwa ganzi ya kawaida, mrija wenye kipulizo ukaingizwa, na mambo yakaharibika. Binti alihangaika, njia za hewa zikakaza, mpira haukubali kuminyika. Waliokuja kutazama wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakijua wameona mwisho.

Hapa ndipo mtu wa kazi yetu hutabasamu. Ibsen alimchoma Pentothal, dawa ya usingizi, miligramu 100. Mgonjwa anayekufa kwa kukosa pumzi unampa dawa itakayoiondoa hata ile kidogo aliyo nayo! Daktari wa wodi angekushtaki. Lakini ndiyo hasa iliyohitajika: binti aliacha kupigana na mpira, kifua kikalegea, na Ibsen akamiliki pumzi zake. Rangi ikarudi. Jasho likakauka. Waliotoka wakarudi.

Kuna jambo la damu ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililonifungua macho zaidi. Maabara ya Blegdam ilikuwa imeona damu ya wagonjwa hawa ina hewa ukaa nyingi iliyoyeyuka, katika umbo la baikaboneti, na madaktari wakasoma kwamba damu imekuwa na magadi kupita kiasi, ugonjwa fulani wa ajabu wa polio. Ibsen akasema si ajabu yoyote, hawa hawatoi pumzi. Ukaa umejaa mwilini kama moshi kwenye jiko lisilo na dohani. Lile jasho, lile shinikizo la damu lililopanda, ile rangi nyekundu iliyowadanganya watu kwamba oksijeni inatosha, vyote ni dalili za ukaa. Poul Astrup, mkuu wa maabara, akapima uchachu wa damu, ikaonekana kweli ni chachu. Kwa hiyo mtu anaweza kufa pumzi akiwa na oksijeni tele. Ukimpa oksijeni bila kumsukumia hewa, unampamba tu.

Njia ikajulikana. Sasa mikono. Mpira mmoja unataka mkono mmoja saa 24, na ilifika wakati wagonjwa 70 walikuwa wakiminyiwa kwa pamoja. Chuo kikuu kikafunguliwa, wanafunzi wa udaktari na wa meno wakaitwa kwa zamu. Mpaka mambo yanakwisha walikuwa wameingia kama 1,500, na saa walizominya zilihesabiwa kuwa 165,000. Nilikaa nikapiga hesabu yangu mwenyewe. Ukichukua pumzi 16 kwa dakika, ni pumzi zaidi ya milioni 158, kila moja imetoka kwenye kiganja cha mtu.

Wanafunzi walikaa kando ya kitanda, mpira mkononi, mtungi ukiwa karibu. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoto. Hawakuweza kusema, maana mrija ulikuwa shingoni, wakawa wanazungumza kwa macho na midomo: ongeza, punguza, haraka. Mwanafunzi alijifunza pumzi za mtoto wake kama mama anavyomjua anayenyonya. Walisomewa vitabu. Usiku taa zilipunguzwa ili wagonjwa walale, na katika giza lile ilitokea mwanafunzi akaendelea kuminya mpaka mwanga wa asubuhi ulipomwonyesha kwamba anampumulia maiti. Kijana wa miaka 20. Nilipolisoma hilo niliweka gazeti chini nikatoka nje.

Vifo vilishuka kutoka 87 katika kila 100 hadi kama 40, na vikaendelea kushuka. Lassen aliandika habari hizo katika gazeti la The Lancet Januari 1953, na hospitali za Ulaya zikabadilika. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali ya Kommunehospitalet chumba cha pekee cha wagonjwa wa namna hiyo, bila kujali kama ni wa polio, wa ajali au wa upasuaji, chenye muuguzi kando ya kitanda usiku na mchana. Ndiyo ICU ya kwanza duniani. Watu hudhani ICU ni mashine. Ilipozaliwa ilikuwa zamu.

Hukumu yangu, na wenye vyeti vikubwa waikatae wakipenda, ni kwamba uhaba ndio uliowaokoa watoto wa Copenhagen. Lord Nuffield angewapelekea matangi 70 Julai ile, wangeyatumia yote, na wangezika wote kwa heshima, kila mtu akisema tulifanya kila kitu. Ni kwa sababu tangi lilikuwa moja ndipo walipokubali kumwita mtu wa usingizi.

Baada ya hapo injini zikachukua nafasi ya wanafunzi. Carl Gunnar Engström wa Sweden alitoa mashine iliyosukuma hewa ndani badala ya kuvuta kifua kwa nje, na hiyo ndiyo babu wa hizi za leo. Oxford walitengeneza pampu yao, Radcliffe, na cha kunifurahisha ni kwamba kasi ya pumzi walibadili kwa giya ya baiskeli, Sturmey-Archer, ile ile ya Raleigh ya giya tatu waliyotamba nayo walimu wetu wa zamani. Oxford hiyo hiyo ndiyo iliyotupa EMO, chombo cha kutolea usingizi kwa etha, kinachotumia hewa ya chumbani, hakidai mtungi wala umeme. Kando yake kulikuwa na mvukuto. Kweli mvukuto, wa kupandisha na kushusha kwa mkono, na ukiwahi kumwona mhunzi akipuliza moto hutahitaji maelezo zaidi. Kwa EMO na mvukuto ule nimetoa usingizi kwa akina mama wa kupasuliwa nisiojua idadi yao, wakati Dar es Salaam ni mbali kama mwezi.

Na mpira? Nao una asili ya uhaba. Mpira wa akina Ibsen haukujijaza. Ulijazwa na gesi ya mtungi, mtungi ukiisha mpira unasinyaa kama kibofu. Husimuliwa kwamba miaka ile ile ya mwanzo wa 1950 madereva wa malori wa Denmark waligoma, mitungi ya oksijeni ikawa haifiki hospitalini. Daktari wa usingizi Henning Ruben akatafuta mfuko utakaojijaza wenyewe kwa hewa ya chumbani. Wa majaribio aliutengeneza kwa spoki za baiskeli ndani yake ili utanuke ukiachiwa. Pamoja na mhandisi Holger Hesse wakaufikisha kwenye umbo lililouzwa kuanzia 1956 kwa jina la Ambu. Manesi wa dunia nzima wanaujua.

Kwa hiyo mtoto wa koboko aliokolewa na mgomo wa malori ya Denmark. Kwao malori yaligoma mara moja, wakavumbua mfuko. Kwetu Rufiji iligoma kila masika, nasi tukaukuta mfuko umekwisha kuvumbuliwa. Yule Mdenmaki nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa.

Sasa turudi 2020, maana najua utaniuliza: je, Korona nayo tungeiminyia mpira? Hapana. Polio na koboko huacha mapafu salama. Korona iliyashambulia mapafu yenyewe, yakawa magumu, yakihitaji msukumo uliopimwa kwa wiki kadhaa, na kila pumzi ya mgonjwa ilikuwa hatari kwa anayeminya. Mashine zilihitajika. Lakini zilihesabiwa kana kwamba ndizo za kwanza kukosekana. Ripoti ya Wachina ya Februari 2020, yenye wagonjwa zaidi ya 44,000, ilikwisha kusema: 14 katika kila 100 walikuwa na hali mbaya, 5 mahututi. Kwa kila mmoja wa kuwekwa kwenye mashine, karibu watatu walihitaji oksijeni tu, mtungi, mrija wa puani, na mtu wa kuwatazama. Tuliowajua waliofariki wakati ule, na kwetu hesabu rasmi zilisimama kwenye wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka, wengi hawakufika hatua ya kuulizia mashine.

Mwaka 2021 niliombwa kwenda siku tatu katika hospitali moja, sitaitaja, kuwaonyesha vijana kazi ya koo. Nilikuta mashine mbili za msaada, nzuri, bado zimevaa nailoni. Kichwa cha mpira wa oksijeni hakikuingia kwenye tundu la ukutani, na aliyefundishwa kuziendesha alikuwa amehamishwa. Mkubwa wao akanionyesha kwa fahari. Nikauliza ambu iko wapi. Ikatafutwa robo saa. Ilipopatikana, vali imeganda kwa makohozi ya mgonjwa wa zamani, na barakoa imepasuka ukingoni. Kijana mmoja wa kike akaniambia taratibu, "Bibi, hatujawahi kuulizwa hiyo." Siku mbili zilizobaki tuliacha mada niliyoandaa, tukaosha vali.

Basi wewe nesi unayesoma hapa, leo ukipokea zamu, kabla ya kutia sahihi kitabu, uchukue mfuko huo mkononi. Uminye, uuachie, usipojaa papo hapo, haufai. Ziba tundu la upande wa mgonjwa kwa kiganja, uminye tena. Mkono usipokutana na upinzani, hewa inavuja mahali. Tazama ule mdomo wa bata ndani ya vali kama unafunguka na kufunga. Papasa ukingo wa barakoa. Ukimaliza uuache juu ya toroli, kando ya kitanda, si ndani ya kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake amekwenda nao metroni nyumbani.